Kaa wa Neema

Dada Eliwaza, shikamoo.

Tumefika Pangani salama. Watoto wamekataa pweza, wanaulizia mlenda wako. Asubuhi bahari inarudi nyuma na kuacha vidimbwi kati ya mawe, nao wanashinda humo wakichungulia viumbe.

Leo Neema ameokota kaa mdogo aliyejificha ndani ya gamba la konokono. Akainua mkono, akaita, "Mama, njoo uone." Ni mazoea tu, dada. Tangu tumzike mama yake bado humwita yeye kwanza. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza waligeuka wote. Neema akawatazama mmoja mmoja, halafu akashusha mkono.

Nikaingia majini na suruali yangu. "Nionyeshe mimi," nikamwambia.

"Huogopi?"

"Siogopi."

Unanijua, naogopa sana. Akamweka kaa kiganjani kwangu. Kaa akatoa miguu, akapanda taratibu hadi ndani ya mkono wa shati. Nikasimama kama mti, na watoto wakacheka hadi Yohana akaanguka kwenye maji. Sijawasikia wakicheka hivyo tangu msiba. Nikageuka nimwambie mtu, "Umewasikia?" Nyuma yangu kulikuwa na mchanga mtupu, basi nakuambia wewe.

Mbebe mdogo wao kwa niaba yangu, umwambie baba yake anamkumbuka. Wasalimie wote hapo Iguguno. Mungu akutunze, dada yangu, maana sasa nimebaki na wewe.

Mdogo wako,
Samweli