Landrova ya Chanjo Haijafa

Jumatatu, 6 Machi 2006
Dereva wetu Wekoye amekuja na habari za msiba — Landrova ya chanjo imekufa! Alikuwa akiongea na viatu vyake. "Injini imeisha kabisa, Madam. Hii gali ni ya mnada tu, bana." Imekufaje? Juzi tu imepanda Mlima Elgon na masanduku ya chanjo bila hata kukohoa. Mkubwa wetu, Kang'ethe, amekubali haraka mno. Ati tuiuze, Nairobi watatupa mpya. Wapi! Pikipiki ya idara ya mifugo iliuzwa hivyo hivyo, mpaka leo tunangoja. Ikienda hii, watoto wa kule juu hawatachanjwa. Na kamati ya mnada haiuzi gari bila sahihi yangu, mimi afisa wa usafiri.

Jumanne, 7 Machi
Imevutwa na trekta hadi yadi ya mnada, Bungoma. Wekoye alikuwa akipiga mluzi. Simwamini mtu.

Jumatano, 8 Machi
Nimeenda Bungoma bila kuaga. Yadi imejaa mizoga ya serikali — pikapu bila milango, lori lililoota nyasi. Landrova yetu imepangwa karibu na lango. Mlinzi, mzee Wabwile, akauliza kama ni mimi nimekuja kuiwasha leo. Kuiwasha! Kumbe jana jioni mtu aliingurumisha kidogo, ati betri isilale. Mzee mwenyewe akazungusha ufunguo kunionyesha. Ikanguruma mara moja. Hasira ilinipanda. Nani huyo? "Ni yule mtu ya kununua, mama. Wa Kitale. Mpole sana! Alisema bibi yake ako kwa kamati, si hakuna shida."
Wanawake kwenye kamati tuko wawili tu. Mimi na Dinah wa akaunti.

Alhamisi, 9 Machi
Dinah! Na mumewe anauza vyuma kuukuu Kitale! Asubuhi kanimiminia chai, nikaiacha ipoe mbele yake. Mnafiki. Kesho kamati ikikaa nitamvua nguo mbele ya wote.

Jioni. Nimefika nyumbani, hapa Kitale, nikamkuta Gathii, mume wangu, anang'oa nguzo za geti. Ati analipanua ng'ombe wapite vizuri. Tuna ng'ombe mmoja, tena amekonda! Nilitaka kucheka. Akapangusa jasho, akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kesho naweka sahihi.
Sijamwambia lolote kuhusu kikao cha kesho.
Nimejifungia chumbani. Nje bado anagonga misumari; upana ule si wa ng'ombe, ni wa gari. Sasa ananiita — "Mama, hebu njoo unishikie upande huu."