Mtu Niliyemnyoa Mara Mbili

Kewanja, Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta ukiwa mzima pamoja na watoto, na kwamba mvua za huko Nzega safari hii zimewaonea huruma, mpunga haukukauka kama mwaka jana. Kifua cha mama kinaendeleaje? Anakunywa ile dawa, au anaimwaga ukigeuka?

Mimi mwili wangu ni mzima. Ule mguu ulioangukiwa na jiwe umepona, ila haunikubalii tena kushuka duarani. Duara ndilo shimo lenyewe tunalochimbia dhahabu, na ngazi zake ni magogo tu yaliyobanwa ukutani. Goti langu likikunjwa mara tatu linagoma kama punda. Kwa hiyo mimi si mchimbaji tena, dada. Nimekuwa kinyozi. Usicheke kwanza.

Nakuomba usome barua hii peke yako. Mama msomee salamu na habari za mguu. Haya mengine utaamua mwenyewe, maana nimekaa nayo muda mrefu na hapa sina ndugu wa kumweleza.

Nilipokuwa nimelala kwa ajili ya mguu, aliyenipa hifadhi ni Mzee Wambura, mwenyeji wa Nyarero, kinyozi wa kambi hii. Ni Mkurya mrefu, mkimya, aliyejifunza kunyoa zamani sana katika jeshi la mkoloni. Hatumii viwembe vya dukani. Anao wembe wa kukunja, chuma kimoja kirefu chenye mpini wa pembe ya ng'ombe, na mkanda wa ngozi ameutundika kwenye nguzo ya banda kwa ajili ya kuunolea. Wachimbaji wanakuja kwake kutoka kila upande, hadi Wajaluo wa Migori, kwa sababu hapa mtu hapendi kushuka shimoni akiwa na uso mchafu.

Siku moja akaniambia, "Mura, umekaa bure vya kutosha. Shika huu."

Mura ni kama kusema kijana, ingawa mimi kijana nilishaacha kuwa. Alinipa kwanza kibuyu kilichopakwa povu la sabuni. Nilitakiwa kuliondoa povu lote bila wembe kukwaruza. Nilikwaruza vibuyu wiki nzima. Alinifundisha kulaza wembe hadi nafasi kati ya mgongo wake na ngozi ibaki ya kupitisha punje ya ulezi tu. Alinifundisha kuvuta ngozi kwa kidole gumba, na kukata ndevu kwa kufuata zinakoelekea. Zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza. Wembe ukitembea vizuri unatoa sauti ndogo, kama mbuzi anayekata majani mbali kidogo. Sauti ikibadilika, mkono usimame.

Baada ya kibuyu alinipa shingo yake mwenyewe. Baada ya shingo yake alinipa maiti.

Usishtuke, dada. Hapa watu wanakufa, na wengi ndugu zao wako mbali. Mzee Wambura huwanyoa kabla ya kuzikwa au kusafirishwa, wasifike kwa mama zao na vumbi la mwamba ndevuni. Aliniambia, "Maiti halalamiki. Jifunze kwake, lakini usimzoee." Nilinyoa wawili. Nilimkata mmoja karibu na sikio. Ngozi ilifunguka, ikawa nyeupe ndani, basi. Haikutoka kitu. Ndivyo nilivyojua mfu akikatwa anakuwaje.

Sasa sikiliza habari ya Makuru.

Makuru alikuwa mchimbaji mtaratibu, mtu wa upande wa Nata, ng'ambo ya mto Mara, wilaya ya Serengeti. Asubuhi moja watu wa duara lao waliteremsha pampu chini kabisa ili wavute maji, na moshi wa pampu ukawakuta huko huko. Watu wanne walivutwa juu kwa kamba. Watatu walikuwa na ndugu hapa hapa, wakachukuliwa. Makuru hakuwa na mtu. Mkuu wa duara lake aliweka kipande cha kioo puani mwake, kioo hakikuingia ukungu. Mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa anaondoka kwenda Mugumu akabeba taarifa za msiba, na fundi akaanza kugonga jeneza nje ya banda letu. Makuru tulimlaza kwenye meza ya mbao.

Kitu kimoja kilinisumbua tangu mwanzo. Midomo yake ilikuwa myekundu, kama ya mtu aliyetoka kuota moto. Nilimwonyesha Mzee. Akasema moshi ndio hufanya hivyo, akatoka kwenda kuchota maji ya moto.

Nikampaka povu, nikaanza shavu la kushoto. Lilikwenda vizuri kuliko yote niliyowahi kunyoa, nikajisifu moyoni. Nikashuka chini ya taya. Pale ngozi ilikuwa imelegea, sikuivuta sawasawa, wembe ukazama kidogo. Ukatokea mstari mweupe. Nikasema sawa, si kitu. Kisha katikati ya mstari kikaja kitone chekundu.

Nilikifuta kwa kitambaa. Kikarudi. Nikafuta tena, nikakandamiza, na nilipoondoa kidole damu ikateremka shingoni polepole hadi kwenye kola ya shati.

Mzee Wambura aliingia na beseni. Nilimwambia, "Mzee, huyu anatoka damu."

Aliinama akaangalia. Akaweka beseni chini, akanishika mkono uliokuwa na kitambaa. "Usifute," akasema. "Iache itoke."

Akalaza sikio kifuani kwa Makuru. Nje fundi alikuwa anaendelea kugonga misumari. Mzee akamwita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Acha nyundo, tusaidie kumpeleka huyu nje penye upepo." Fundi alichungulia, akaiona ile damu, akaondoka. Nyundo yake ilikaa pale siku nyingi, hakuirudia. Tulimbeba wawili tukamlaza chini, tukamfungua shati, Mzee akawa anamsugua kifua na kumpulizia pumzi mdomoni jinsi alivyofundishwa jeshini. Jua lilikuwa limesimama utosini ndipo Makuru alipovuta hewa kwa sauti kama ya gunia linaloburutwa.

Alifungua macho alasiri. Watu walikuwa wamejaa, wamesimama mbali kama wanaoogopa nyoka. Alinitazama mimi, hakumtazama mwingine, akaniuliza:

"Mbona umeacha?"

Baadaye, alipokunywa uji na akili ikamrudia, nilimuuliza alikuwa na maana gani. Alijibu kwa upole tu. "Nilikuwa gizani, nikawa nasikia mtu anachimba. Kwaru, kwaru, anakuja upande wangu. Nikasema ngoja anifikie. Halafu akaacha."

Dada, sauti hiyo ilikuwa wembe wangu.

Alikaa kwetu karibu mwezi mzima. Nilidhani watu watafurahi. Lakini mama anayetuuzia chakula alimtengea sahani yake, na alikuwa anaisukuma mezani kwa kijiti. Makuru akisalimia, salamu haikuitikiwa. Wenzake wa duara waliweka mtu mwingine mahali pake, hawakumwambia. Na kulikuwa na jambo ambalo mwanzoni tulijifanya hatulioni. Ndevu za kulia ziliota kama kawaida. Za kushoto, upande niliounyoa akiwa juu ya ile meza, hazikuota. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, shavu lilibaki laini kama la mtoto. Alikuwa na tabia ya kulishika akiwa anafikiri.

Mzee Wambura ndiye aliyekata shauri. "Kwao wameshamlilia," akasema. "Kila siku anayokaa hapa anazidi kufa. Mpeleke, na wembe uende nao."

Tulipanda lori hadi Mugumu, tukatembea siku iliyofuata. Tulipokaribia kwao tulikutana na mwanamke anatoka kuteka maji, kichwa kimenyolewa upara. Alikuwa dada yake. Alimwona, akatua ndoo taratibu bila kumwaga hata tone, akageuka, akarudi nyumbani kwa mwendo ule ule bila kutazama nyuma. Makuru akaiinua ile ndoo akamfuata. Nikafuata na mimi.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni mwa boma. "Simama hapo hapo. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, baba. Makuru."

"Makuru tumemzika." Akatuonyesha kwa fimbo. Kando ya zizi kulikuwa na kaburi dogo, udongo wake ukiwa bado mwekundu. Kwa kuwa mwili haukuletwa, walikuwa wamezika shati lake na blanketi. "Wote hapa tumenyoa vichwa kwa ajili yake. Mkewe ni mjane. Na huyu mgeni ni nani?"

Nikamwamkia, nikaeleza kila kitu, hata kukata nilikokata, nikamwonyesha lile kovu chini ya taya. Baba yake alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatuacha juani, akaenda kukaa na ndugu zake wazee. Mama yake Makuru alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, kama hatua thelathini kutoka tulipokuwa, anamtazama mwanawe, na hakuna aliyemruhusu kusogea. Hakulia.

Walikaa muda mrefu. Baba yake aliporudi alisema hivi: "Kilio hakirudishwi. Aliyezikwa amezikwa. Lakini mtoto anaweza kuzaliwa katika nyumba hii. Mtoto akizaliwa hunyolewa nywele alizokuja nazo, na wewe ndiye uliyemtoa huko, utamnyoa wewe." Akaninyooshea kidole. "Safari hii isitoke damu. Ikitoka, mtaondoka wote wawili na msirudi."

Dada yangu, mikono yangu haijawahi kuwa mizito vile. Mama yake aliruhusiwa kuja. Aliketi chini nje ya boma, akakipakata kichwa cha mwanaume mzima mwenye ndevu, akamshika kama anayetaka kumnyonyesha. Nilinoa wembe kwenye mkanda wangu wa suruali, maana ule wa banda ulibaki Kewanja. Nikaanza kichwani. Kila mtu wa mji ule alikuwa amesimama ananitazama, wenye vipara vyao, wakubwa kwa watoto. Nilisikiliza wembe tu. Nilimaliza kichwa, nikanyoa shavu la kulia, nikazunguka shingo nikilikwepa kovu kwa unene wa uzi. Halikutoka tone.

Baba yake akasema, "Na kushoto."

Kushoto hakukuwa na kitu cha kunyoa, lakini nikapitisha. Wembe haukutoa sauti yoyote. Nilikandamiza kidogo, bado kimya, kama napitisha juu ya maji. Makuru alikuwa amefumba macho. Niliinua mkono upesi kuliko inavyofaa, nikasema nimemaliza.

Mama yake akazikusanya nywele zote kwenye kanga, akamwita mwanawe kwa jina jipya ambalo sitaliandika hapa, si langu. Ndipo wakamwingiza. Mkewe, kichwa wazi, alimkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, akampa kiti, akakaa mbali. Walikuwa na binti wa miaka kama minne. Bibi yake akamwonyesha baba yake akamwambia, "Huyu ni mdogo wako." Mtoto akamwangalia vizuri, akaenda kumletea kipande cha kiazi, akamlisha.

Nililala kwao, asubuhi nikaondoka. Nilidhani mambo yameishia pale.

Niliporudi Kewanja nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye kizingiti cha banda letu. Alitoka Nkende, mjini Tarime. Mwanawe alikuwa amefukiwa na kifusi siku iliyotangulia, na alikuwa amemleta kwenye mkokoteni wa ng'ombe, amefunikwa shuka la kijani. Mzee Wambura alikuwa amemweleza kwamba wembe haufufui mtu, na mimi nikamweleza tena. Kifua cha yule kijana kilikuwa kimevunjika, hakukuwa na shaka yoyote.

Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Najua, baba. Mguse kidogo tu. Kama yule mwingine."

Nilimtazama Mzee. Akanisogezea sabuni.

Nikampaka kijana povu. Nikavuta ngozi. Nikakata pale mama yake alipoweka kidole, chini ya taya, kwa makusudi, kwa mkono uliokwisha kujifunza kutokata. Ngozi ikafunguka, ikawa nyeupe. Yule mama akainama karibu kabisa. Tulingoja. Kivuli cha nguzo kilihama kutoka kwenye meza hadi ukutani, na hatukuondoka.

Mwishowe akajiinua, akaniambia, "Asante. Sasa mmalizie vizuri."

Nilimmalizia pande zote mbili.

Tangu hapo wanakuja wengine, dada, na sijui nitamkatalia nani. Mzee anasema wembe sasa ni wangu, yeye hautaki tena. Jumatatu nitamwomba mchungaji wetu ushauri. Wewe pia nishauri, usinifiche, hata kama jibu ni kwamba nirudi nyumbani nikalime.

Nisalimie mama, umwambie mguu unatembea. Msalimie shemeji na baiskeli zake anazotengeneza, mjomba anayetutunzia ng'ombe, na bibi asiyeona, umshike mkono kwa niaba yangu anapopenda kushikwa. Wanao wabusu wote.

Naishia hapa kwa kuwa karatasi imekwisha na kuna watu wananisubiri nje.

Mdogo wako,
Maganga