Kifundo Changu na Arusi ya Shangazi

Yaya Furaha, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka Goma, kifundo changu cha mguu kikiwa kimevimba kama kiazi cha kwetu Kiwanja! Tulikuwa uani tukijifunza jinsi ya kuingia tukicheza kwenye arusi ya Shangazi. Mimi natangulia kwa sababu ya ufupi wangu, na wenzangu wananifuata. Nikakanyaga jiwe la volkano, mguu ukapinduka, nikarukaruka kwa mguu mmoja. Kugeuka, wasichana wote nyuma yangu wanarukaruka!

"Eh! Hatua mupya! Muzuri sana!" Shangazi akapiga vigelegele.

Nikalia, nikidhani arusi imenipita. Jirani yetu, muuguzi, akabonyeza mifupa na kunisimamisha. "Unakanyaga, na mufupa hauumi. Umeteguka kidogo tu. Ungeshindwa kukanyaga, tungekupeleka hospitali wapige picha ya mufupa."

Akakataza kukanda kwa maji ya moto. Nikapata kitambaa baridi, bendeji, na mto chini ya mguu.

Uvimbe ukipungua, Jumamosi, siku ya arusi, nitaingia, ila kwa kutembea polepole. Shangazi hataki kuacha hatua yake mpya.

Mkumbatie Mama, asiogope. Kwenye picha za arusi mtanitambua upesi: wote watachechemea, isipokuwa mgonjwa.

Mdogo wako akupendaye,
Aline