Asubuhi Niliyomfunga Mugisha Mgongoni

Tata,

Baba yangu, huko uliko keti kwanza, maana nikikuambia hili utainuka. Wiki mbili zilizopita nilimfunga mwanangu Mugisha mgongoni nimpeleke akang'olewe meno ya nailoni. Ndiyo, mimi. Kemilembe, binti wa dokta. Umesikia vizuri.

Tangu tukuzike Muleba ni miezi saba sasa. Mama alishindwa kubaki peke yake kwenye kibanja, nikamleta kwangu Hamugembe. Migomba anaiangalia baba mdogo. Baiskeli yako imeisha upepo, ila hakuna anayethubutu kuiazima. Watu bado wananisimamisha sokoni: "Wewe si mtoto wa dokta?" Ulikuwa muuguzi wa zahanati, lakini nani angewaambia wakakubali? Mama mmoja alinishika mkono akalia mbele ya ndizi zake, akasema mapacha wake wote wawili uliwapokea wewe. Nami nikalia pale pale. Siku ile nilirudi nyumbani sijanunua kitu.

Sasa Mugisha. Ulimshika mara moja tu, akiwa na siku tisa. Alianza kuharisha Jumatatu. Nilimpeleka kliniki siku hiyo hiyo, nikapewa zile pakiti za kuchanganya na maji pamoja na vidonge vya zinki, kama ulivyokuwa ukiwapa watu. Nampa kwa kijiko, anatapika. Nampa tena, anatapika. Siku ya nne macho yalikuwa yameingia ndani, analia na machozi hayatoki. Jirani akaja asubuhi, akamfungua mdomo, akanionyesha vivimbe vyeupe kwenye ufizi. "Nailoni hizo, ndizo zinazomharisha. Mimi wangu watatu wote nimewang'oa. Ukichelewa utamzika."

Ningeweza kumfukuza. Wewe pale zahanati ulikuwa unawaambia akina mama mpaka wanashika mbavu: "Mtoto anaharisha chini, ninyi mnachimba juu!" Nami nilicheka nao, mtoto wa darasa la tano, najiona mjanja kuliko wanawake wazima. Mkuki kwa nguruwe, Tata. Mtoto alipokuwa wangu akili yote iliruka. Nikamfunga mgongoni, nikaita bodaboda.

Mama akasimama mlangoni. Unamjua Mama, mtu wa kusema "sawa" na kuendelea kumenya ndizi zake. Siku hiyo kisu kilikuwa bado mkononi, akanyoosha mikono yote miwili akaziba mlango. Nikamwambia anipishe. Hakunipisha. Nikampandishia sauti, Mungu anisamehe, nikamwambia mjukuu wake akifa itakuwa juu yake. Akanijibu kwa Kihaya, taratibu, kwamba kaka yangu naye alifungwa mgongoni hivyo hivyo.

Kaka gani? Mimi si ndiye mtoto wenu wa kwanza?

"Mutalemwa," akasema. Alikuwa na miezi saba. Aliharisha, mkampeleka kwa bibi mmoja kijiji cha pili, akamchimba ufizi kwa spoku ya baiskeli. "Mimi nilishindwa kuangalia, nikatoka nje. Baba yako ndiye aliyemshika miguu." Damu haikukata. Kesho yake mlimzika.

Bodaboda alikuwa anapiga honi nje. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Mama alitupa kisu, akapanda nyuma yangu, tukambana Mugisha katikati, na bodaboda yule yule akatupeleka hospitali. Pale walihangaika kutafuta mshipa: mkononi, mguuni, mwisho wakaupata kichwani. Nesi, msichana mdogo tu, alinigombeza kwa nini nimechelewa, nami nilitamani anigombeze zaidi. Mama aliketi ameegemea ukuta akisali. Nilisogea nisikie anamwombea nani, na majina yalikuwa mawili. Dripu inadondoka, mimi nahesabu pumzi za mwanangu, moja, nyingine, nasubiri nyingine. Saa kumi alasiri akanikojolea, mkojo wa kwanza tangu jana yake. Gauni zima, Tata! Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Nesi akaja mbio, akaona, akacheka, akasema sasa nimpe ziwa.

Sasa ni mzima, anatambaa mpaka kwenye majivu. Na vile vivimbe vyeupe? Pale pale pametokea jino. Jino la kweli, ananing'ata nalo kila siku.

Nakuja kwako sasa, maana nina hasira na wewe. Watu walikuuliza kwa nini mwanamume mzima uliacha useremala ukasomee unesi, ukawajibu kwamba unapenda soksi nyeupe. Soksi nyeupe! Na siku ya kuchimba kaburi lako ukoo uligombana, kwa sababu ulikuwa umeomba ulazwe kule chini mwisho wa kibanja, mbali na babu, mahali ambapo tangu utotoni Mama hakuturuhusu kupiga jembe. Nilikuwa miongoni mwa waliobisha. Nilisimama juu ya Mutalemwa, nikapaza sauti kwamba pale pana maji, baba yangu hawezi kulala pale. Mama ndiye aliyeshikilia ulazwe pale pale ulipoomba.

Ulizunguka Muleba nzima na baiskeli ukiwaambia wanawake wasifanye ulilofanya, na hukumwambia hata mmoja kwamba ulilifanya. Kwa nini? Uliona aibu? Ulidhani hawatakuita dokta tena? Ulinifundisha kucheka, Tata. Kuogopa hukunifundisha. Ungeniambia habari ya ile miguu uliyoishika mara moja tu, hata akili ingeruka vipi, nisingemfunga mgongoni.

Nilimwuliza Mama kama alikusamehe. Alisema mlisameheana siku ile ile, kwa kuwa mlikuwa hamjui. Na hapo ndipo panaponiuma, kuliko hata hasira yangu. Ninyi mlikuwa hamjui. Mimi nilikuwa najua.

Jumatano ni siku ya kliniki hapa kwetu. Nesi wa kliniki ameniomba nizungumze na akina mama, kwa kuwa wengine wanalikumbuka jina lako. Usinikasirikie, Waitu, mzee wangu, nitasema yote. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, halafu ndiyo yako. Mama amesema atakuja akae mbele.

Pumzika sasa na mwanao. Nilikupenda nikiwa sijui, na ninakupenda hivi ninavyojua. Na Jumatano nitamtaja kwa jina mbele ya watu wote, Mutalemwa, na nitasema alikuwa kaka yangu.

Binti yako,
Kemilembe