Vishimo Viwili Uani kwa Darrell

Duluth, Minnesota
9 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limetulia, na nyanya zako hazijaliwa na kulungu kabla wewe hujawala wao. Sisi huku hatujambo. Keith anakusalimu sana, na Bridget anauliza kama yule paka wako mwizi bado yupo. Ningekupigia simu, lakini sote tunajua masikio yako uliyaacha mgodini, na haya ninayotaka kukwambia si ya kupigiwa kelele mpaka majirani wasikie.

Nakuomba usome hadi mwisho. Tulipokuaga kwenda likizo Dakota Kusini, uliniambia nikaone milima, nile, nilale, ila nisikuletee neno lolote kutoka kwa Darrell. Baba, nimekuja na neno. Mwanao anataka kurudi nyumbani Novemba, msimu wa kulungu ukifunguliwa, alale nawe kambini kama zamani. Hilo ndilo alilonituma, na nimekaa nalo wiki tatu nzima kimya.

Acha nianze na safari. Unamjua mkweo. Gari letu lilikuwa na stika ya chama chetu kwenye bampa ya nyuma, kubwa kama sahani, na Keith aliapa kwamba ataingia nayo Dakota mchana kweupe, haogopi mtu. Tuliposimama kupumzika karibu na mpaka wa jimbo, yeye akaenda kununua kahawa, nami nikachukua kile kikwangulio cha barafu nikaibandua. Bridget alinikuta nimeinama pale nyuma, akasema mama, mali ya baba hiyo, utajieleza mwenyewe. Nilimwambia ilikuwa inabanduka yenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alinitazama tu, akarudi garini.

Keith aligundua siku ya pili, tukiwa tumeegesha chini ya zile nyuso za marais zilizochongwa mlimani. Aliniuliza kama namwonea haya. Nikasema sitaki wahuni watutoboe matairi. Basi hao wahuni wenyewe! Jana yake tu mkanda wa injini ulikuwa umekatika, na mzee mmoja aliyevaa kofia ya chama kile kingine alisimama nasi juani saa nzima mpaka gari likawaka, akakataa hata soda. Keith alimshukuru mara nne, kisha akaingia ndani akanuna hadi Rapid City. Alisema bora angetutukana, angalau angejua amwekee kinyongo gani.

Kwa Darrell tulifika Alhamisi mchana. Mtaa wake wote una vibao vya kampeni, kila uani kimoja, vingine viwili, jina lilelile. Kwake hakukuwa na kitu. Kulikuwa na vishimo viwili kwenye nyasi, vimeachana kama urefu wa mkono, na katikati yake majani yamegeuka manjano. Hata hatujamaliza kusalimiana, Bridget akauliza mjomba, hapa palikuwa na nini? Darrell akajibu kwamba ni fuko, wanamsumbua sana mwaka huu. Keith akasema fuko wa Dakota wamesoma kweli, wanachimba kwa rula. Tulicheka wote, Darrell kuliko wote, mpaka akajifuta macho.

Baadaye nilikwenda kufua taulo nikakiona kibao chenyewe nyuma ya mashine, kimegeuziwa uso ukutani. Alikuwa ameking'oa kwa ajili yetu, nami nilikuwa nimebandua stika kwa ajili yake. Najua ningepaswa kulia, au kucheka. Nilikunja taulo. Ndivyo nilivyokuwa safari yote, Baba, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno: ulimi unagusa shavu, shavu halina habari.

Alitukaribisha vizuri mno. Alikaanga nyama ya kondoo wanavyokula wao, akaoka na mikate ya nyama ya huku kwetu, ya viazi na mizizi ya rutabaga, na kila mmoja ameuchora herufi ya jina kwenye ganda kama alivyokuwa akifanya Mama. Mmoja ulikuwa na herufi ya A. Keith aliunyooshea mkono bila kufikiri, akakumbuka kwamba Arvo ni wewe, akaurudisha. Mlangoni mwa friji amebandika ile kadi ya siku yako ya kuzaliwa uliyomrudishia bila kuifungua, ukaandika juu ya bahasha kwamba mwandikiwa amefariki. Yeye anaionyesha kama kichekesho. Alisema Mzee mkali, kafa na bado anajaza bahasha kwa mkono wake. Lakini mimi ndiye aliyenipigia siku ile ilipomfikia, na hakuwa anacheka. Alikuwa hawezi kumaliza sentensi, anauliza tu, Janine, lini? Lini? Ilinibidi nimwambie ulikuwa nje unafyeka majani.

Kesho yake tulikuwa tunaosha vyombo, yeye na mimi. Akaniuliza ni nani siku hizi anakubebea jiko la kambini. Nikamwambia Keith. Akasema Mungu wangu, Keith ambaye akifyatua bunduki anafumba macho yote mawili? Akauliza macho yako yanaonaje, nikamwambia ukweli, kwamba mwaka jana ulilenga kisiki. Akasugua sufuria ambayo ilishatakata. Halafu ndipo akanituma. Hataomba radhi kwa kura yake, alisema, wala hatakutaka wewe uombe kwa lolote, na siasa hatatamka hata ukimchokoza. Anataka tu kukuwashia jiko asubuhi ungali na macho ya kuwinda. Akanikabidhi kitambaa nikaushe sahani, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema lile jingine hajamwambia mtu, na hatamwambia.

Lile jingine ni langu, Baba. Ngoja nikueleze.

Unaikumbuka ile Sikukuu ya Shukrani ya miaka sita iliyopita. Kama babu alivyofanya, ulizunguka meza kabla bata mzinga hajakatwa, ukamuuliza kila mtu kura yake ameitupa wapi, ukianza na mdogo. Darrell akakwambia kweli. Ukapiga meza, ukasema nyumba hii imejengwa kwa mgomo na chama cha wafanyakazi, msaliti hatakula ndani yake. Kisha ukanigeukia mimi. Nikajibu chetu, Baba, kama kawaida. Ukaniambia kumbe hukuzaa bure. Darrell alikuwa tayari anavaa koti.

Nilidanganya. Nilipiga kura ileile aliyopiga yeye. Na zaidi ya hapo, ni mimi niliyemshawishi. Mgodi ulikuwa umefungwa kwa mara ya tatu, na wakubwa wa chama chetu kule mjini hawakuwa wamefunua mdomo. Nilikuwa nimejaa hasira, nikampigia simu wiki mbili mfululizo. Yeye alikuwa anasitasita. Alisema Baba atatuua. Nikamwambia Baba hatajua. Sikufikiri kwamba mdogo wangu ni mtu wa kuulizwa swali na baba yake akashindwa kusema uongo.

Kwa neno langu moja ungenifukuza na mimi, na yeye angekuwa na mwenzake kule nje. Badala yake nikala. Nikaongeza na mchuzi. Miaka sita umeniita mtoto wako uliyebaki naye, nikaitika. Sikuandiki ili tubishane kura ipi ilikuwa sahihi. Siku hizi hata sijui.

Keith nilimwambia tukirudi. Aliendesha saa mbili, halafu akaniuliza kama nitakunywa kahawa. Mpaka leo hajasema zaidi. Bridget alikuwa nyuma amevaa vile visikilizio vya masikioni, na sina hakika kama muziki ulikuwa unapiga.

Jana nilimpigia Darrell nikamwambia aje. Sikukuomba ruhusa, maana kazi ya kukuomba nilipewa nikaikalia. Tutafika Ijumaa ile kabla ya ufunguzi wa msimu, kwa gari moja, na tutapita mlango wa mbele. Ukitaka kuuliza lile swali tena, uliza, ila safari hii anza na mimi. Ukiufunga mlango, usihangaike kuchungulia dirishani kuona nani amebaki ngazini. Tutakuwa wawili.

Msalimie jirani Mildred, na umwambie jamu yake imefika salama. Kunywa dawa zako za presha, za asubuhi na za jioni, usiziunganishe. Keith na Bridget wanakukumbatia.

Ni mimi binti yako,
Janine