Toazi la Chini

Atuti wa Gichana,
S.L.P. 37,
Litein, Kericho.

Tarehe 14 Septemba, 1968

Mpendwa ndugu yangu Bogonko,

Mimi Atuti, mtoto wa baba yako mkubwa, nina miaka sitini na nane. Kipande kinasema sitini na sita, lakini karani wa siku zile alikuwa na haraka, akanipunguzia miwili. Nimezika wake wawili. Nimemaliza mabwana sita wa shamba la chai, nimepita nzige, nimepita njaa, nimepita vita viwili vya Wajerumani, na yule daktari aliyesema moyo wangu hautafika mwaka wa sitini, tulimzika yeye. Nakuambia haya ujue anayekuandikia si mtoto. Tena nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, siku tatu, sikumpa mwalimu aniandikie.

Habari za Jinja? Habari za Yunia na watoto? Kifua chako kimepona, ama bado kinakusumbua wakati wa baridi? Sisi hapa tu wazima. Mke wangu Bosibori anaumwa goti, lakini akiingia kwa chai kuchuma, wasichana wanabaki nyuma. Mvua ni ya kutosha. Kwenye kituo cha kupima majani wanajua kikapu changu hata kabla sijafika, kwa vile hakuna jani bovu ndani.

Sasa nitakuuliza neno moja, na barua hii yote ni ya neno hilo. Toazi langu la chini, ni wewe uliliuza?

Watoto wako hawanijui vizuri, na kama Yunia atawasomea barua hii, wajue nasema habari gani. Kuna ngoma za bendi, na kando ya ngoma kuna chuma kirefu chenye matoazi mawili, moja limelala kifudifudi juu, lingine limelala chali chini. Ukikanyaga kwa mguu yanagongana, chap. Wazungu wanaita haihati. Bwana wa kilabu ya shamba alinipa mimi, alipokuwa anarudi kwao mwaka wa 1934. Kutoka Kericho mpaka Sotik hakukuwa na mtu mweusi mwingine aliyekuwa na matoazi ya mguu. Watu walitoka Chebunyo kwa miguu kuja kuona mguu wangu tu. Wewe ulikuwa na kodiani, Kiptanui alikuwa na gitaa la kuazima, lakini watu walikuja kwa sababu ya mguu wangu, na hilo hata wewe hutakataa.

Mwezi uliopita alikuja hapa Mgoa mmoja kutoka Nakuru, Bwana Lobo, fundi wa vyombo vya muziki. Anazunguka kwa vilabu vya mashamba akinunua piano na tarumbeta za zamani, kwa maana Wazungu wengi wameondoka. Nikamtumia neno kwamba hapa Litein kuna kitu hajawahi kuona. Akaja, tukakutana sokoni. Mimi sikutaka kuuza, nilitaka tu mtu anayejua aseme mbele ya watu kile nimekuwa nikisema miaka thelathini.

Akaanza na la juu. Ndugu yangu, huyo mtu anasoma toazi kama karani anavyosoma kitabu. Alitazama mhuri, akasema ni jina la mji wa Uturuki, Konstantinopo, na ule mji ulibadilishwa jina karibu mwaka wa 1930, kwa hivyo toazi hili limefuliwa kabla ya hapo. Alinionyesha alama za nyundo, hazilingani, moja kubwa moja ndogo, akasema huo ni mkono wa mtu, mashine haipigi hivyo. Alitia kidole kwa tundu akaona chuma kimelika upande mmoja, akasema limepigwa sana na mtu mwenye mguu mzito. Nikamwambia ni mimi.

Jambo moja tu alinikemea. Unajua kila Krismasi mimi husugua lile la juu kwa jivu na ndimu mpaka ling'ae. Akasema nimefuta nusu ya mhuri na nusu ya bei, toazi la zamani linaachwa na rangi yake ya kahawia. Watu wakacheka. Nikamwambia kitu cha mwanaume kinang'aa, na kama wao Nakuru wanapenda uchafu, shauri yao.

Basi akasema yakiwa mawili yaliyozaliwa pamoja, hata na jivu langu, ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Likiwa moja peke yake ni bei ya kuku wawili. Akafungua skurubu atoe la chini.

Wewe unakumbuka sheria yangu. Toazi la chini halifunguliwi mpaka springi ivunjike. Niliogopa mtu asije akalilegeza, na mhuri wake unatazama sakafu, hakuna anayeuona. Kwa hivyo hata mimi sikuwa nimeligeuza miaka mingi. Bwana Lobo akaligeuza. Akaniuliza pole pole, "Mzee, hili ulinunua wapi?"

Nikasema yote ni ya siku moja, kutoka mkono mmoja. Akatikisa kichwa. Akanionyesha mhuri wa Uingereza, mpya, umenyooka, na alama za nyundo zimepangwa kama mahindi kwenye gunzi, kazi ya mashine. Akasema hili ni la baada ya vita ya pili, pengine mwaka wa hamsini na mbili, hamsini na tatu. Tundu lake bado ni mviringo. Alisema kwa heshima, lakini soko lote lilikuwa limesimama pale. Sasa nikipita Litein vijana wa baiskeli wananiita mzee wa matoazi ya mama mbalimbali. Wengine wanasema nilitaka kumlaghai Mgoa. Mimi Atuti, ambaye hata jani bovu sijapima.

Usiku huo sikulala, nikihesabu ni nani aligusa. Asubuhi nikaenda kwa Kiptanui, kwa maana siku za bendi mimi nilibeba ngoma kwa baiskeli na yeye alibeba matoazi kwa gunia. Nilimkuta akikamua. Nikamwambia amekula mali yangu. Hakuinuka hata kidogo kutoka kwa kigoda, aliendelea kukamua.

"Mimi nilibeba gunia," akasema. "Aliyepeleka kwa fundi ni nani?"

Hapo Bogonko nikakumbuka. Mwaka wa 1955 springi ilivunjika, nami nilikuwa na homa, nikakutuma wewe Nakuru na chuma chote na matoazi yote. Ulikaa siku nne. Ulirudi na springi mpya, na mgongoni una gitaa la rangi ya asali. Ulisema bwana wa hoteli alikusikia ukipiga akakupa zawadi. Na mimi, ndugu yangu, nilichinja mbuzi. Nilisimama mbele ya watu nikasema, mnaona damu yetu, mtoto wetu amepewa gitaa na hoteli nzima. Na wewe ulikula ile nyama ukiniangalia.

Kiptanui anasema alijua tangu wiki ile, alipoona rangi ya toazi la chini. Anasema ulimwomba asiseme, ulilia. Nikamuuliza miaka kumi na mitatu tumekunywa chai pamoja, tumezikiana, kwa nini hukuniambia. Akajibu, "Wewe ungemvunja mkono. Halafu, Atuti, wewe si ndiye mwenye masikio? Unasikia mbwa akikohoa Chepseon. Mbona hukusikia?"

Hilo ndilo limeniua. Nimelala nalo. Nimepiga toazi la Kiingereza miaka hiyo yote nikijisifu kwa sauti ya Uturuki. Kiptanui akaongeza ati bendi ilipata sauti nzuri zaidi baada ya Nakuru. Sijui kama ni kweli au alitaka tu kunichoma. Sijamsalimu tena, na ng'ombe wake akiingia kwa shamba langu namrudisha bila neno.

Najua utasema ungeniomba ningekataa. Ni kweli, ningekataa. Mtu angeniomba toazi nimpe apate gitaa, ningemfukuza, hata angekuwa wewe. Lakini ungeondoka hapa ukiwa mtu niliyemfukuza. Hiyo ningeibeba. Hii ya kwamba nilikusifu, siwezi.

Bwana Lobo anasema fundi wa Nakuru wa siku zile bado yuko hai, na akipata jina na mwaka anaweza kulitafuta toazi. Sitaki unitumie kitu. Nataka barua, kwa mkono wako, iseme ulimpa nani na mwaka gani, nami nitaisoma Litein pale pale niliposimama. Na kama si wewe, andika hivyo, nami nitaamini. Nakuambia kweli, hilo ndilo ninaombea nikipiga magoti. Mwisho wa Oktoba usipoandika, nitakuwa nimejibiwa.

Nisalimie watoto wote, na Drusilla wa dada yetu kama bado anakaa karibu nawe. Binti yangu Marcella anauliza kama ulipata ile sweta. Bosibori anakusalimu, yeye hajui kukasirika. Mungu akulinde kifua, akupe nguvu ya kushika kalamu.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda bado, na inaniuma,

Atuti wa Gichana

Watu wa kunishuhudia, kama utaambiwa mzee amechanganyikiwa: Bosibori, alikuwa ameketi nami toazi likigeuzwa. Kipkorir wa duka la sukari, ndiye aliyemsomea kila mtu ule mhuri. Kiptanui mwenyewe, amekubali mbele ya mzee wa kanisa Nyakundi kwamba alijua. Na mkeo Yunia, ndiye alikuwa nyumbani ulipoingia na gitaa kutoka Nakuru. Muulize siku ile ulimwambia umelitoa wapi, na usimfundishe la kusema.