Msumari wa Baba Getini

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo ameshapona kikohozi. Ukiuliza hali zetu, tunapumua, ingawa upepo ukivuma kutoka mlimani jivu bado linaingia hadi kwenye kopo la sukari. Baba anakusalimu. Hakuniagiza, lakini najua anakusalimu.

Barua uliyomwandikia ilifika Jumanne. Umemwambia ametuaibisha, kwamba miaka ishirini na sita ya kulinda msitu wa umma ameimaliza kwa kusinzia getini, na kwamba hutakanyaga tena hapa mpaka awaombe radhi watu waliounguliwa. Pengine hukujua, Dada, kwamba macho yake hayasomi tena. Siku ya moto aliingia kwenye moshi na tawi bichi mkononi, akapiga moto mpaka magari ya maji yakafika, na tangu hapo anaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Anayemsomea ni mimi. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mimi, kwa mdomo huu, neno kwa neno, hata pale ulipomwita mzembe mwenye kofia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hujakosea, akaniomba niirudishe kwenye bahasha vizuri isikunjike.

Unakumbuka alivyokuwa pale getini. Tangu pikipiki za matope zilipoanza kuruhusiwa msituni, hakuna ekzosi iliyopita bila kuonja ule msumari wake wa inchi sita aliouvaa shingoni kwa kamba. Alikuwa anauingiza kwenye mdomo wa bomba hilo la moshi na kusikiliza. Ukigonga chuma, maana yake kile kiwavu cha kuzuia cheche kipo, basi anaandika kwenye daftari na kuinua kizuizi. Msumari ukizama tu, unageuza pikipiki, hata uwe mtoto wa bwana mkubwa. Waendeshaji walimwita Daktari wa Ekzosi, wakimwuliza kama anachoma na sindano. Naye hakumwacha mtu apite bila mahubiri. Mvua ikinyesha usipande, tairi litachimba mfereji. Kijito kivuke kivukoni tu. Ukikutana na waenda kwa miguu, zima injini wapite kwanza. Njia ikiishia, nawe umefika. Sisi wanawe tuliyajua hayo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Siku ile ziliingia pikipiki nne. Nyasi zilikuwa zimekauka kiasi kwamba ukizikanyaga zinavunjika. Saa nane mchana mteremko wote wa juu ya chemchemi ukawaka. Hakufa mtu, na hilo tushukuru, lakini mrina asali wa ng'ambo ya kijito alipoteza mizinga yote, na miche waliyopanda watoto wa shule sasa ni vijiti vyeusi. Huyo mrina asali alikuwa akinywa chai na Baba pale getini kila asubuhi. Sasa wakipishana njiani anatazama viatu vyake.

Kikao kilifanyika chumba cha nyuma cha ofisi ya misitu, kile chenye meza iliyowekewa karatasi mguuni isiyumbe. Mkaguzi alifungua daftari la geti akamwuliza Baba kama pikipiki zote nne alizipima. Baba akajibu kwamba zote. Mkaguzi akasema basi ama msumari wake haufai ama yeye mwenyewe hafai, maana moto umeanzia kwenye alama za tairi, hatua mia moja nje ya njia. Baba akasema msumari ni mzima. Wakamwachisha kazi hapohapo. Alivua koti la kazi, akalikunja kama analirudisha dukani, akaliweka mezani. Mimi nilikuwa kwenye benchi karibu na mlango, kimya kama maji mtungini.

Dada, hapa nimechana karatasi tatu. Alipima pikipiki tatu. Ya nne ilikuwa yangu.

Nilipofika getini alikuwa ameshaushika msumari. Aliponiona akatabasamu, akauachia ukaning'inia shingoni, akainua kizuizi na kuandika kwamba amenipima. Anipime ya nini? Mimi ndiye fundi niliyefunga viwavu kwenye nusu ya pikipiki za mji huu. Mganga hajigangi, na Baba hakumpima mwanawe. Lakini wiki ile changu nilikuwa nimekitoa. Rafiki yangu tunayemwita Mapengo alinicheka mbele ya wateja gereji, kwamba pikipiki ya fundi inakohoa kilimani kama mgonjwa wa kifua. Nikataka kumfunga mdomo, maana bila kiwavu injini inavuta zaidi. Siku ile kilimani, naye yuko mbele yangu, nikaacha njia, nikakata katikati ya nyasi, nikampita, nikasimama juu nikimsubiri huku injini inanguruma, najiona dume. Harufu ya moshi niliisikia nikadhani ni oili. Nilipogeuka, nyasi zilikuwa zinawaka nyuma yangu. Nilizikanyaga mpaka soli ikayeyuka, kisha nikapanda pikipiki nikakimbia. Baba alikuwa anaukimbilia moto ambao mimi naukimbia.

Neno moja tu, jina langu, lingemwokoa pale kikaoni, hata kama ni aibu kukiri kwamba alinipitisha. Hakulisema. Tuliporudi nyumbani aliuvua ule msumari, akauweka juu ya meza yangu ya kazi kati ya spana, akasema fundi anauhitaji kuliko mtu asiye na kazi. Akaenda kunawa uso.

Nimejidanganya kwamba nanyamaza kwa ajili yake, kwamba nikisema watamwona mwongo juu ya uzembe. Si kweli. Nilinyamaza kwa woga, na kila siku niliyonyamaza nimejichukia, na bado nimekula chakula alichonipakulia. Jumatatu nitakwenda ofisi ya misitu na kile kiwavu mfukoni, wafanye watakavyo. Kutoka huko nitapita kwa mrina asali. Hao nadhani nitawaweza. Baba ndiye ananishinda. Mara mbili nimekaa mbele yake, nikafungua mdomo, nikamwuliza kama anataka chai.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Usinijibu mimi. Mwandikie Baba. Mrudishie heshima uliyomvua, kisha mweleze yote uliyoyasoma humu: kiwavu, nyasi, benchi karibu na mlango, na jinsi nilivyokaa nikamsomea matusi yaliyonistahili mimi. Niite jina lolote utakaloona linanifaa, usinionee huruma. Barua ikifika nitaketi mbele yake kama kawaida, nitaifungua, na nitaisoma kwa sauti hadi mwisho bila kuruka mstari.

Wasalimie shemeji na watoto. Uwaambie mjomba wao anawakumbuka, basi, hayo mengine watayajua wakikua.

Ni mimi mdogo wako, niliyestahili ile barua uliyomwandikia Baba,

Fundi